Upepo wa Shaba

Mimi nikisema jambo, nimesema. Sisi watu wa kisiwa cha Cape Breton tuko hivyo, na mama yangu alikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo niliposema kwamba kile kiini cha galaksi kinapuliza upepo, sikutia "huenda" wala "inawezekana". Nilisema kinapuliza, nikaandika makala, nikawapa watu wote wa idara waisome.

Galaksi yenyewe haina jina la maana, ina namba tu, ndefu kama namba ya simu ya ng'ambo. Katikati yake kuna shimo jeusi, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hupata moto mpaka ikatoa eksirei. Hizo eksirei tunazinasa kwa darubini iliyoko angani, tunazichambua kila nishati na fungu lake, kisha tunachora mstari. Mstari wangu ulikwenda vizuri, halafu ukadidimia ghafla, ukatengeneza bonde. Bonde maana yake kuna kitu kimekaa mbele ya mwanga kikiufyonza. Hicho kitu ni chuma, chembechembe za chuma zilizochomwa na joto. Chuma kilichotulia kina mahali pake pa kufyonza kwenye mstari, na kikiwa kinatujia mbio, mahali hapo husogea kulia. Bonde langu lilikuwa limesogea kulia hasa. Nilipiga hesabu nikapata kwamba gesi ile inatimuliwa kutoka kwenye kiini kwa kasi inayozidi sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga. Huo ndio upepo wangu, na nilijivunia.

Wakati huo idara yetu pale Halifax ilikuwa na nafasi moja ya kudumu, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na Anselme Comeau, tuliyekuwa tukikaa naye ofisi moja, meza zimegusana. Yeye ni Mwakadia, mzungumza Kifaransa wa kule Clare, mtu mpole, kila neno analipima kabla ya kuliachia. Jina lake lilikuwa limeshajulikana, kwa sababu miaka mitatu nyuma naye alitangaza upepo kwenye galaksi nyingine, na makala yake inatajwa kila mahali. Mkuu wetu, Profesa Greta Hennigar, aliniita akaniambia bila kuzunguka.

"Trina, upepo wako ukisimama, jina nitakalolipeleka juu ni lako."

"Na usiposimama?"

"Basi hutahitaji kuniuliza."

Kusimama, kwetu, maana yake ni kupita mtihani wa kofia. Kila Jumanne kabla ya chakula cha mchana tunakaa chumba cha mikutano, kazi ya mtu mmoja inawekwa mezani, na mwingine anavaa kofia ya sufu nyekundu yenye fundo la nyuzi juu, mbaya ajabu, iliyofumwa na mama mkwe wa Greta. Aliyevaa kofia si rafiki ya mtu. Kazi yake ni kuivunja ile kazi iliyoko mezani, na atakalosema akiwa na kofia haliwekwi moyoni. Mwenye kazi lazima ajibu kwa mdomo wake mwenyewe, hata swali liwe la kijinga, hata jibu liwe linajulikana na kila aliyemo. Sheria ni hizo, na kazi ikitoka mle ndani nzima, inatoka nje kwa amani.

Jumanne yangu ilipofika nilikwenda na biskuti za shayiri nilizooka mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na uhakika tutamaliza mapema. Nikamkuta Anselme ameshaivaa kofia.

"Zamu si yako," nikamwambia. Ratiba ya kofia naiandika mimi.

"Nimeomba kubadilishana."

"Umeomba?"

"Nimeomba, Trina. Kaa."

Nilikaa, lakini damu ilianza kunichemka. Nafasi moja, watu wawili, na mmoja anaomba kofia. Hata asiyejua hesabu angejumlisha.

Alianza taratibu, kama kawaida yake. "Bonde lako liko wapi?"

"Macho unayo."

"Sema kwa mdomo. Ndiyo sheria."

"Kwenye nishati ya nane."

"Nane na kitu, au nane kavu?"

"Nane na kitu kidogo."

Akasimama, akaenda ubaoni, akaandika neno moja: SHABA. Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nyuma ya kamera kubwa ya darubini ile kuna bodi ya saketi, na bodi ina shaba. Kamera ikipigwa na miale ya angani, ile shaba nayo hutoa eksirei zake, kwenye nane na kitu kidogo. Kila mtu anajua. Imeandikwa katika kitabu cha maelekezo ya kamera, ukurasa wa mwanzo mwanzo, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayeiangalia.

"Shaba naijua, bwana wewe," nikasema. "Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaijua. Shaba inaongeza mwanga, haipunguzi. Mimi nina bonde, sina mlima. Au wenzetu wa Clare mabonde mnayaita milima?"

"Clare hatuna milima wala mabonde," akasema Anselme. "Ndiyo maana tunaona vizuri. Nionyeshe duara lako la usuli."

Usuli ni ule uchafu wa anga na wa kamera yenyewe. Ukitaka mwanga wa galaksi peke yake, unachora duara pembeni, mahali pasipo na galaksi, unapima uchafu uliomo, kisha unautoa. Ni kama muuza unga anayepima beseni kwanza, halafu akatoa uzito wa beseni. Nikaliweka duara kwenye skrini. Lilikuwa karibu na ukingo wa kamera.

"Na galaksi iko wapi?"

"Katikati."

"Katikati, nyuma ya kamera, bodi ina nini?"

Katikati bodi imetobolewa. Pana tundu. Nyuma ya galaksi yangu hapakuwa na shaba hata chembe, na nyuma ya duara langu shaba ilikuwa imejaa tele. Nilikuwa nimetoa uzito wa beseni ambalo halikuwa kwenye mizani. Ukitoa shaba mahali pasipo na shaba, pale pale kwenye nane na kitu kidogo, unabaki na nini? Unabaki na bonde.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliona watu wameacha kutafuna biskuti zangu. Greta alikuwa ananitazama juu ya miwani, na nafasi ya kudumu niliiona inachukua koti lake mlangoni, inaondoka. Hapo hasira ikanizidi.

"Sema tu unataka kiti, Anselme," nikasema. "Usijifiche chini ya kofia."

Jambo hilo halifanywi. Nimewahi kuona watu wakilia mbele ya kofia, lakini kumgeukia mwenye kofia kwa ubaya, sijapata kuona.

Anselme aliirekebisha kofia yake, fundo likakaa sawa. "Tufungue kamera ya pili," akasema.

Darubini ile ina kamera mbili. Ya pili haina bodi ya shaba nyuma yake, ila ni ndogo, inanasa mwanga haba, kwa hiyo wengi wetu tunaiacha. Nami niliiacha.

"Ngoja," Greta akasema. "Kabla haijafunguliwa, Trina, sema utakachokubali. Sitaki mtu aone jibu kwanza ndiyo achague swali."

Nikasimama. "Bonde lisipokuwepo, makala naifuta mwenyewe, sasa hivi, mbele yenu."

"Na likiwepo?"

"Likiwepo, huyu ananinunulia donea, ule mkate wa nyama wa hapa Halifax, na mchuzi mara mbili."

Watu wakacheka kidogo, wakapumua. Anselme hakucheka. Nilidhani ni kiburi.

Kompyuta ikaanza kuchambua. Kule kilimani ngomeni ukalia ule mzinga unaopigwa kila siku saa sita mchana, madirisha yakatetemeka, na hakuna aliyeinua kichwa. Halafu mstari ukatokea. Ulikuwa na vinundu vinundu, kwa kuwa mwanga ulikuwa haba, lakini ulikwenda, ukaenda, ukadidimia. Bonde lipo. Lilikuwa limepungua kina karibu nusu, na lilikuwa limehamia kushoto kidogo, likaiacha nane na shaba yake. Nilipiga hesabu pale pale ubaoni, chini ya neno lake Anselme. Kasi ilikuwa imeshuka, lakini bado ilizidi sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga.

"Nusu ilikuwa shaba," nikasema. "Nusu ni yangu. Upepo upo!"

"Upo," akasema Greta, na kwa mara ya kwanza siku ile akachukua biskuti. "Rekebisha namba, andika habari ya shaba yote bila kuficha, halafu ipeleke. Ijumaa na mimi nitapeleka barua yangu."

Nilitoka mle kichwa kiko juu. Sitasema uongo, niliringa. Nilipita njia nzima hadi ofisini nikipiga mluzi, nikakaa kwenye kompyuta nilirekebishe lile duara. Nikafungua programu ya kuchambulia, ile inayolichora. Mimi sikuitunga, niliirithi. Kwetu programu hurithiwa kama masufuria, unapewa na aliyekutangulia na huulizi kutu imeanzia wapi. Juu kabisa, mstari wa kwanza, palikuwa na jina la aliyeitunga. Comeau. Na chini yake duara, pale pale ukingoni, alilichora yeye alipokuwa akikwepa nyota moja kali iliyokuwa jirani na galaksi yake.

Mluzi ukakatika. Niliitafuta ile makala yake inayotajwa kila mahali, nikautazama mchoro ambao nimeuona mara nyingi hata nimeacha kuuona. Bonde lake lilikuwa kwenye nane na kitu kidogo. Galaksi yake iko mbali sana kuliko yangu, inatukimbia zaidi; bonde lake lilikuwa na kila sababu ya kukaa mahali pengine. Lakini lilikaa kwenye shaba barabara, kama limepigwa misumari.

Anselme aliingia, kofia mkononi, akakaa mezani kwake. Nikageuza kiti.

"Anselme. Yako."

"Ndiyo."

"Umeiangalia kwenye kamera ya pili?"

"Jumapili," akasema. "Nilikuwa natafuta pa kukushika. Nikaliona lile duara, nikalijua. Sikutaka nije kukuchoma na kisu nisichokijua makali yake, nikakijaribu kwangu kwanza."

"Ikawaje?"

"Hamna kitu. Mstari umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa tangu Jumapili akijua upepo wake umekufa. Ameomba kofia akijua. Amesimama ubaoni, akaandika neno lililomuua, mimi nikamcheka, kisha nikamwambia anataka kiti.

"Ungenyamaza tu," nikasema. "Nani angejua?"

"Halafu wewe upeleke makala yenye duara langu, mtu wa huko mbali aje akuumbue mbele ya dunia? Na mimi hapa meza imegusa yako, nakutazama tu?" Akatikisa kichwa. "Acha zako, Trina."

Niliona aibu, aibu hasa ya kunichoma masikio. "Yale niliyosema kule ndani," nikaanza.

"Nilikuwa na kofia. Sikusikia."

Theluji ilikuwa inaanguka nje, na lile gari la kuparua barabara lilipita likikwaruza. Nilitaka kumwambia asubiri, aiache makala yake ilivyo hata mwezi mmoja, apate muda wa kujipanga. Ningeyasema kwa wema, na yangekuwa matusi. Nikameza.

"Zamu ya Jumanne ijayo ni ya nani?" akauliza, ingawa ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yangu.

"Kazi mezani bado haijapangwa. Kofia ni yangu."

"Basi weka yangu." Akanirushia kofia, nikaidaka. "Na usinihurumie, unasikia? Ukinihurumia nitajua."

Jioni ile alininunulia donea, mchuzi mara mbili, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kwa niaba yake mbele ya watu. Tulikula tumesimama dirishani mwa duka, mchuzi unatuchuruzikia mikononi, tukabishana habari za hoki.

Jumanne ikafika. Chumba kilijaa, maana watu walikuwa wameona jina la makala mlangoni na hawakuelewa kwa nini kazi ya miaka mitatu iliyopita imerudi mezani. Anselme alisimama karibu na skrini amevaa shati lake la kwenda kanisani. Greta alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, na nadhani alianza kuelewa. Yangekuwepo maswali laini ya kuanzia. Nilikuwa nimeyaandaa usiku kucha kichwani, matatu manne ya kumpa nafasi ya kupumua.

Nikavaa kofia, nikaivuta mpaka masikioni. Ilinuka sufu na jasho la sisi sote.

"Hili duara la usuli," nikasema. "Alilichora nani?"

"Mimi," akasema Anselme. "Haya, swali la pili."