Mzee wa Kiti cha Mbele

Huu mwaka wa kumi na tisa napeleka wageni ziwani Mirik asubuhi na kuwarudisha Darjeeling jioni, na nimepoteza abiria mmoja tu. Huyo mmoja nilimpata siku ileile. Kwa hiyo madereva wenzangu pale stendi wakiniita Manmaya Mbadilisha Wazee, nawaambia kila mtu aangalie yake. Kati yao yupo aliyemsahau bibi harusi chooni, na sijamtaja jina.

Kosa lilianzia kwenye kofia. Sikukuu ya Durga ikiisha, watu wa Kolkata wanapanda huku kwetu milimani kwa maelfu, na baridi wanaiogopa kuliko polisi. Hata jua likiwaka, mzee wao lazima avikwe kofia ya sufu inayoziba kichwa, masikio na kidevu, macho na pua tu ndiyo yabaki nje. Sisi tunaiita kofia ya tumbili. Juu yake anatupiwa shali ya kahawia, miguuni raba nyeupe. Sasa wapange wazee watano wa namna hiyo kwenye benchi moja, halafu niambie nani ni nani.

Jumamosi hiyo nilikuwa na abiria watatu. Mzee Haripada, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na moja, alikaa mbele na mimi kwa sababu kona zinamtapisha. Nyuma alikaa binti yake Sutapa, naye mwalimu, na kaka mtu, Tamal, ambaye tangu hotelini hakuitoa simu sikioni. Mzee alikuwa na mfuko wa nailoni wenye bisi za mchele, ameukumbatia. Nilipotaka kumshikia ili nimfunge mkanda, alinitazama kama nimemwomba jino.

Sutapa akanieleza. Zamani baba yao aliwaleta ziwa la Mirik wakiwa wadogo, wakasimama darajani kuwalisha samaki. Siku hizi mzee anasahau kila kitu, hata jina la binti yake linamponyoka. Mwezi mzima hajasema sentensi kamili, na chakula anakataa hata akilishwa kwa mkono. Lakini jana hotelini aliona picha ya ziwa ukutani, akasema, "Samaki." Basi Sutapa akakimbia sokoni kununua bisi.

Tulipotoka mjini ugomvi ukaanza kule nyuma. Wakagombana kwa Kibengali, wakidhani mtu wa milimani hajui. Kibengali nakielewa chote, ila wateja siwaambii, maana nikiwaambia nitakosa uhondo. Tamal alikuwa ameshajaza fomu za nyumba ya kutunzia wazee. Kesho treni, Jumatatu asubuhi mzee anaingizwa. Sutapa hataki kabisa. Anasema baba akae kwake, yeye atamtunza. Tamal akamuuliza atamtunzaje na huku anafundisha kutwa. Wakavutana mpaka tukapita soko la Sukhia, ndipo Tamal akatoa neno la mwisho.

"Haya, safari hii ni yako. Ikiisha salama tutaongea tena. Lakini akianguka, akipotea, likitokea lolote, sitaki kusikia neno lako. Jumatatu anaingia."

"Nimekubali," Sutapa akasema.

Nikamtupia jicho mzee. Alikuwa anahesabu bisi kwa kidole.

Tulipofika Simana ukungu ulikuwa mzito, huoni boneti ya gari lako mwenyewe. Pale ndipo mpakani, vilima vya upande wa pili ni Nepal, na wageni hushuka kupiga picha ya nchi ya watu. Siku hiyo walipiga picha ya ukungu. Mzee nilimkalisha kwenye benchi la kibanda cha chai, pamoja na wazee wengine wenye kofia zao. Sutapa akaenda chooni, Tamal akawa anatembea huku na huku akitafuta mtandao, mimi nikaenda kufuta kioo. Mara askari wa barabarani akaanza kupuliza filimbi kwamba magari yaondoke, njia imeziba. Watu wote wakachachawa. Nikarudi mbio benchini, nikamshika mzee mkono, nikamwambia twende baba. Akaja bila ubishi. Nikamkalisha, nikamfunga mkanda, Sutapa na Tamal wakarukia nyuma, tukaondoka.

Niliona mikono yake mitupu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Lakini nikajiambia bisi labda kaziweka mfukoni, nikaendelea na ukungu wangu.

Njiani Sutapa akamenya chungwa. Akamnyooshea baba yake kipande kimoja juu ya bega, bila matumaini, kwa mazoea tu. Mzee akakipokea akala. Akampa cha pili, akala. Chungwa zima likaisha. Nilimwona Sutapa kwenye kioo, machozi yamemjaa, anamgusa kaka yake kwa kiwiko.

"Tamal, umeona? Anakula."

Tamal akatazama kidogo, akarudi kwenye simu yake. Sutapa akamenya la pili, akawa anamsimulia baba yake habari za samaki, jinsi yeye alivyowamwagia bisi zote kwa mara moja, na jinsi alivyogombezwa. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nikasema kumbe hewa ya kwetu ni dawa.

Tulipofika kwenye mashamba ya chai, ukungu ukaachia. Jua likamwagika juu ya vilima vyote, majani yakang'aa, nikasimamisha gari wapige picha. Mzee akaona joto. Akavua kofia yake, akaikunja vizuri, akaiweka gotini. Kichwa kilikuwa na upara kama yai, na chini ya pua masharubu. Mzee Haripada ana nywele nyeupe tele na hana masharubu.

Akageuka nyuma polepole.

"Ahsante kwa machungwa, binti yangu," akasema. "Baba yako ana bahati. Ila mimi siye."

Sutapa hakupiga kelele. Alimtazama tu yule mzee, akautazama na mkono wake mwenyewe wenye ganda la chungwa, kama mkono ndio uliokosea. Kisha akauliza kwa sauti ndogo baba yake yuko wapi. Yule mzee akasema hajui. Yeye anaitwa Bhabatosh, alikuwa benchini na watu wake, akashikwa mkono, akapanda.

Nikamjia juu, sifichi. Nikamwambia mzee mzima, akili zako timamu, mtu anakupandisha gari lisilo lako, unakula machungwa ya watu dakika ishirini, hunyanyui mdomo? Hakukasirika hata kidogo.

"Mama, mimi siku hizi sielezwi," akasema. "Napandishwa, nashushwa. Nilidhani wamenihamishia gari lingine kwa kuwa letu limejaa. Halafu hili lilikuwa na mtu wa kuongea nami."

Na kosa lilikuwa langu, mkono uliomshika ulikuwa wangu. Nikageuza gari.

Tamal alisema neno moja tu, "Jumatatu." Sutapa alikuwa ameshakubali, na alijua amekubali. Simu zilikuwa hazina maana, ukikaribia mpaka zinahamia mtandao wa Nepal. Mzee Bhabatosh hakuwa na simu, mwanawe humshikia asije akaipoteza. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote huku: kila gari ninalopishana nalo nalipigia taa, nashusha kioo, nauliza. Umemwona mzee, kofia ya tumbili, shali ya kahawia, raba nyeupe? Dereva wa kwanza akacheka.

"Dada, ninao wawili. Unataka yupi?"

Sutapa akatoa kichwa dirishani akasema ana mfuko wa bisi za mchele, hampi mtu. Dereva akaacha kucheka, akageuka kuwatazama wake, akasema hapana. Wa pili hapana. La tatu lilikuwa gari aina ya jipu, la kijani, limejaa watu wanaimba na kupiga makofi, nikawapigia taa mara tatu, likapita kama halikuniona. Nikalitukana kimoyomoyo.

Simana palikuwa pametulia. Benchi tupu, kibanda kipo wazi na birika motoni, lakini mwenyewe hayupo. Nyuma ya benchi ni mteremko, chini ya mteremko ni ukungu, na baada ya ukungu sijui ni nini, maana sijawahi kushuka. Sutapa alisimama pale ukingoni akashindwa kuita. Nami nikawa namwomba Mungu anichukulie gari, leseni, chochote, aniachie yule mzee na bisi zake.

Aliyeita ni Tamal. Simu aliiacha kitini. Alishuka ule mteremko na viatu vyake vya ofisini, akateleza, akakaa chini kwenye matope, akainuka akaendelea. Tukawa hatumwoni, tunamsikia tu: "Baba! Baba!" Mara ya kwanza aliita kama mtu mzima. Mara ya kumi alikuwa anaita kama mtoto aliyepotea yeye.

Ndipo mwenye kibanda akatokea na ndoo ya maji. Nikamdaka kabla hajaitua. Nikamuuliza habari za mzee mwenye mfuko.

"Yule wa bisi? Si ameondoka na jipu la kijani? Wale waimbaji. Walitafuta mzee wao, wakamshika huyo. Akawaambia samaki. Wakamwambia ndiyo, ndiyo, samaki, panda."

"Wameenda wapi?"

"Mirik. Nyie mmepishana nao njiani."

Nikakaa kwenye lile benchi. Yuko garini! Yuko na watu, kwenye kiti, anapelekwa ziwani, anaimbiwa. Sutapa akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na mwenye kibanda akamshika asianguke. Mzee Bhabatosh akasema kwa upole kwamba ndiyo, jipu lao ni la kijani, ila hakuna aliyemuuliza. Tukamwita Tamal. Akapanda juu ana matope mpaka mapajani, anahema, tukamweleza. Aliegemea gari langu, akajifuta uso kwa kiganja, akajipaka matope usoni, na wala hakujua.

Njia ile ya kwenda Mirik niliikata kwa mwendo ambao sitausema hapa.

Tulimkuta darajani. Jipu la kijani limeegeshwa chini ya misonobari, wenyewe wako kule kwenye farasi wa kukodi, na Mzee Haripada amesimama peke yake katikati ya daraja, kofia yake kichwani, anadondosha bisi mojamoja. Chini maji yalikuwa yanachemka kwa samaki. Sutapa alitembea taratibu, asije akamshtua. Akasimama pembeni yake. Mzee hakugeuka. Alitia mkono mfukoni, akampa binti yake konzi moja ya bisi.

"Usimwage zote," akamwambia. "Na wa nyuma nao wapate."

Sentensi mbili. Sutapa akashika ukuta wa daraja, akalia kimya kimya, na akawa anadondosha mojamoja kama alivyoagizwa. Tamal akaja na matope yake, akasimama upande wa pili. Naye akapewa konzi yake.

Mimi nikampeleka Mzee Bhabatosh kwa watu wake. Mwanawe, bwana mnene, alikuwa juu ya farasi anapigwa picha. Alimwona baba yake, akamrushia koti amshikie. Mzee akalidaka. Nikasema leo hapana. Nikamshika yule farasi hatamu.

"Bosi, baba yako nimekuletea."

Akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu.

"Kutoka wapi?"

Nilipogeuka nikamkuta Tamal nyuma yangu. Alikuja kushukuru watu wa jipu, na alikuwa ameyasikia yote. Alimtazama yule bwana, akamtazama mzee aliyeshika koti, akarudi darajani bila kushukuru mtu. Sutapa ndiye aliyekuja baadaye, akampa Mzee Bhabatosh machungwa yote yaliyobaki, tayari ameyamenya. Mzee akanikonyeza, akaanza kula moja pale pale, akiwa amelitandika lile koti chini na kulikalia.

Saa tisa tukajiandaa kurudi. Nilitaka kumpandisha mzee wangu, Tamal akaniambia ngoja. Akamvua baba yake kofia kwa mikono miwili, akamtazama uso, akazilaza zile nywele nyeupe zilizosimama.

"Baba, sasa tunarudi hotelini. Uko tayari?"

Akasubiri. Alisubiri muda mrefu, magari mawili nyuma yetu yakapiga honi, nikayapigia honi na mimi yanyamaze.

"Bisi zimeisha," mzee akasema.

"Tutanunua nyingine."

Mzee akapanda mwenyewe. Tulikuwa tumeshayapita mashamba ya chai, mzee amelala, Sutapa ameegemeza kichwa dirishani, akisubiri nafikiri ugomvi uanze upya, ndipo Tamal aliponiita. Kutwa nzima alikuwa ananiita dereva.

"Dada, Jumatatu una nafasi?"

Sutapa akainua kichwa. "Jumatatu?"

"Samaki wa nyuma hawakupata," Tamal akasema.

Jumatatu nilikuwa nimeshachukua wageni wengine, familia nzima kutoka Siliguri. Nikasema nina nafasi.