Mwito wa Mara Moja

Katika nyumba ya Soudi, pale Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo ya mto, mtu haitiki mwito wa kwanza. Ukimwita mtoto wa nyumba ile atanyamaza kama hakusikia, macho chini, mpaka umwite tena. Hapo ndipo atakuitikia "Labeka" kwa adabu zote. Majirani walishazoea. Hata simu zilipoingia Kindu, watu wa nyumba ile waliziacha zilie mpaka zinyamaze, wakangoja zilie mara ya pili ndipo wazishike. Mama yake Soudi aliwalea hivyo, naye alilelewa hivyo na wazee wake. Mfu huita mara moja tu, walisema, kwa kuwa hana pumzi ya pili. Mwenye uhai akikutaka, atarudia.

Hadidja alipoolewa kutoka Kibombo hakuyajua hayo. Kwao, ukiitwa na mkubwa ukachelewa kuitika, umejitafutia kofi. Siku ya kwanza mama mkwe alimwita kutoka jikoni, akaitika mbio, na nyumba nzima ikanyamaza. Aliyemvuta kando alikuwa wifi yake Riziki, mdogo wake Soudi, wakati huo msichana wa miaka kumi na miwili.

"Wifi, usiitike mbio," alimwambia. "Vuta pumzi tatu kwanza. Kama ni muntu, atarudia."

Hadidja alicheka, lakini alijifunza. Bi harusi naye ni mtoto wa mara ya pili. Hulelewa upya na watu aliowakuta. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akivuta pumzi tatu bila kujijua, na Riziki alikuwa akilala mkekani kwake, akimsuka nywele, akimwambia siri za mtaa mzima. Dada wa tumbo moja hawakuwashinda.

Kisha vita vikaja. Mwaka ule Kindu ilizingirwa. Treni haikufika, mto ulifungwa, na anayekwenda shambani alikwenda kama anayejitolea sadaka. Watu walikula majani ya mihogo bila chumvi wala mawese. Siku moja Soudi alivuka kwa siri kwa mtumbwi kwenda kutafuta chochote cha kupika, na kabla ya kuondoka alifunga mlango kwa kufuli kutoka nje, ili nyumba ionekane haina watu. Ndani alimwacha Hadidja na binti yao Zaina, mwenye miaka sita. Riziki alikuwa mtu mzima sasa, na mjane. Alikuwa amelala kwa jamaa mtaa wa pili, na asubuhi ile akaenda kuchuma sombe, yale majani ya mihogo, mwisho wa mji.

Adhuhuri ilikuwa imepita, mvua inanyesha nyembamba, ndipo sauti ikaja mlangoni.

"Mama Zaina."

Haikuwa kelele wala mnong'ono. Ilikuwa kama ya mtu anayeomba chumvi. Hadidja aliitambua kabla haijaisha. Zaina alifungua kinywa. Mama yake akakiziba kwa kiganja. Akavuta pumzi tatu. Akavuta kumi. Mlio wa bunduki ulisikika kule gatini, mbali, kisha ikabaki mvua peke yake juu ya bati.

Mwito wa pili haukuja.

"Mama," Zaina alisema alipoachiliwa, "shangazi ameita."

"Hakuna muntu ameita."

"Nimemusikia."

"Hukusikia kitu. Ni mvua."

Jioni Soudi alirudi, akafungua kufuli. Hadidja alipotoka aliona matope mbele ya mlango yamekanyagwa na viatu vizito vya wanaume wengi, na katikati yao nyayo za wanawake, miguu mitupu. Pembeni ililala kandambili moja, mkanda wake umefungwa kwa uzi wa kijani. Uzi ule aliufunga yeye mwenyewe wiki iliyopita, Riziki akimshikilia taa. Basi aliyeita hakuwa mfu. Aliiokota kandambili kabla mumewe hajageuka, akaiweka ndani ya kitenge chake, akaenda kuitupa chooni.

"Riziki hakupita hapa?" Soudi aliuliza.

"Hakupita."

Neno moja tu, na likaishi naye miaka zaidi ya ishirini.

Soudi hakukubali kuweka matanga ya dada yake. Hakuna aliyeuona mwili, alisema. Nitamliaje mtu ambaye labda yuko sokoni Kampene anauza mihogo? Kila lori, na baadaye kila pikipiki iliyotoka Kampene au Kalima, alikwenda kuisimamisha barabarani na kuuliza: mwanamke mrefu, mweusi, ana kovu la moto mkono wa kushoto? Watu walimhurumia, kisha wakamzoea.

Hadidja naye akageuka. Mwanamke aliyefundishwa kungoja akawa hangoji tena. Akisikia sauti yoyote, anaitika. Jirani akiita mbuzi, yeye "Labeka." Ndege akilia juu ya paa, yeye mlangoni, anatazama chini kwenye matope. Sokoni akina Mama Zaina walikuwa wengi, na kila alipoitwa mmojawapo yeye aligeuka kama amechomwa.

"Unataka wafu watuingilie?" Soudi alimkaripia.

Hadidja hakuogopa kwamba wafu wataingia. Aliogopa kwamba walishakuja wakakuta pamefungwa.

Zaina alikua akawa fundi wa nguo, mwenye mikono mizuri, lakini hakuwa na imani na masikio yake. Umwambie neno, atauliza, "Umesema nini?" Umwambie tena, atamtazama mwenzake athibitishe. Shuleni walidhani ni kiziwi, wakamtuma hospitali. Daktari akasema masikio ni mazima. Hadidja ndiye aliyempeleka. Alikaa kwenye benchi siku ile, akamsikiliza daktari, na hakusema lolote.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, pikipiki ilimshusha mwanamke mmoja mbele ya nyumba. Alikuwa na rozari shingoni na mguu uliovimba. Alikuja Kindu kutibiwa. Soudi alikuwa msikitini. Mgeni hakubisha hodi. Alisimama akiutazama mlango kama anayeusoma.

"Karibu, mama," alisema Hadidja, akimsogezea kiti. "Ikala."

"Wewe njo Mama Zaina?"

"Njo miye."

"Miye ni Adèle. Natoka Kampene. Nilisimama hapa siku moja na Riziki, tumefungwa kamba moja."

Hadidja aliketi chini, pale pale alipokuwa. Zaina alisimamisha cherehani chake.

Adèle alisimulia polepole, mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda. Wenye bunduki waliwakamata wote wawili kwenye mihogo. Walitaka watu wa kubeba mizigo, wakawaambia: waiteni mnaowajua katika nyumba zilizofungwa, wakitoka, ninyi tutawaacha. Walipofika hapa, Riziki aliita mara moja. Wakamwambia aite tena. Akasema, hawako, wamevuka mto. Wakampiga kwa kitako cha bunduki. Akasema vile vile. Kisha milio ikasikika gatini, nao wakaondoka haraka bila kuvunja mlango.

"Niliona mvuke wa sombe ukitoka pale chini ya ukingo wa paa," alisema Adèle. "Nilijua muko ndani. Nikamwambia kwa sauti ya chini, dada, rudia, watatuacha. Akanitazama tu. Kwetu muntu akiitwa anaitika, basi. Sikufahamu kitu. Njiani ndiyo akanieleza: kwao wakisikia mara moja, hawatoki. Alikuita namna ile ili usitoke."

Hadidja alitia kitenge kinywani.

"Usilie kwanza," alisema Adèle. "Sikuja kukupa moyo. Nilikaa porini miaka mitatu. Nilizaa huko mtoto ambaye sikumuomba. Kila siku nilisema, mwanamke huyu aliokoa wake, akaniuza miye. Nilimchukia huku tunakula sahani moja. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, nami nikitibiwa nirudi. Ulisikia?"

Hadidja alikitoa kitenge kinywani.

"Nilisikia," alisema Hadidja.

Kitu kilianguka sakafuni. Ni mkasi wa Zaina. Alikuwa amesimama, mwanamke wa miaka karibu thelathini, uso umekuwa wa mtoto.

"Basi nilimusikia," alisema. "Mama. Basi nilimusikia."

Mama yake hakuweza kumwangalia.

Soudi aliwakuta hivyo hivyo, kila mmoja kwenye kona yake. Hadidja hakungoja aulize. Alimwambia yote akiwa amesimama: mwito, nyayo, kandambili, choo, na lile neno moja. Soudi alisikiliza, kofia mkononi. Mkewe alipomaliza, alimgeukia mgeni kwanza.

"Yuko wapi?"

"Alikufa kwa homa, mwezi wa saba tangu tukamatwe. Karibu na mto mdogo, safari ya siku moja kutoka Kampene. Nilimchimbia miye, kwa jembe la kuazima. Sikujua desturi yenu. Lakini alikuwa amenionyesha akingali na nguvu: nimlaze ubavu wa kuume, na uso utazame kule." Adèle alinyoosha mkono kaskazini. "Nilimfunika kwa kikwembe changu cha kuvaa. Kilikuwa ni kimoja."

Soudi aliushika mkono ule ulionyooshwa, akaushika kwa mikono yake miwili, akauinamia. Kisha akamtazama mkewe.

"Miaka yote hii niko nauliza watu wa barabarani," alisema, "na jibu linalala na miye kitanda kimoja."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Aliita namna gani?" aliuliza. "Mimi sikuwako. Uniambie sauti yake ilikuwa namna gani."

Hadidja alikataa kwa kichwa. Soudi akangoja. Mwishowe mkewe alifumba macho, akasema jina lake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Soudi aliweka kofia usoni.

Matanga yaliwekwa siku tatu. Waislamu walisoma, na majirani Wakatoliki walikuja kwa ajili ya Adèle, aliyeketi katikati ya wafiwa kama dada wa marehemu, maana hakuna aliyekuwa na haki zaidi. Hadidja alimwosha mguu wake asubuhi na jioni. Hawakuzungumza sana. Siku ya tatu Adèle alimwambia, "Ningekuwa na mutoto ndani, nami ningenyamaza," kisha akaongeza, "lakini bado sijamaliza hasira." Hadidja alisema anaelewa.

Mguu ulipopona, Soudi na Zaina waliondoka naye kwa pikipiki mbili kwenda kulitafuta kaburi. Soudi alikuwa hajamsemesha mkewe tangu siku ile. Akitaka kitu alimtuma Zaina. Hadidja aliwafungia kwanga, ule mkate wa mihogo, kwenye majani, na mumewe akaipokea bila kumtazama. Hakumwambia aje, naye hakuomba.

Baba na binti walirudi siku ya nane, matope mpaka magotini. Soudi alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akaketi kwenye gogo. Hadidja alimletea maji ya kuoga, akayaweka chini, akataka kuondoka.

"Hatukumuona," alisema Soudi.

Hadidja akasimama.

"Msitu hauko. Wachimbaji wameingia, wanatafuta kasiterite, yale mawe ya bati. Mashimo, mashimo, mpaka mtoni. Adèle alitembea kwenye mashimo yale siku mbili, anasema ni hapa, hapana, ni pale." Akapangusa matope gotini. "Wamechimba pote, Mama Zaina."

Hadidja aliketi kwenye ncha ya pili ya gogo. Soudi hakusogea karibu, wala hakusogea mbali. Maji yalipoa kwenye ndoo, na kutoka ndani ya nyumba cherehani cha Zaina kilianza kazi.