Chachu ya Stanislas

Arsène aliosha mapipa ya kiwanda cha bia kwa miaka kumi na miwili, na kama kuna jambo ambalo hakuna mtu mjini Likasi angethubutu kumfundisha, basi ni kuosha. Alisugua kwa brashi, kwa soda, kwa maji yanayochemka, mpaka pipa likabaki kunuka chuma tu. Mambo mengine ya bia aliyaona kwa mbali, kupitia dirisha la maabara, ambako fundi mkuu Stanislas alivaa koti jeupe na kuonja vitu kwa kijiko kidogo. Mbele ya watu Arsène alimwita chef, yaani bosi. Moyoni alilivaa lile koti kila siku.

Kisha ikaja pillage, ule uporaji wa mwaka tisini na moja, na kiwanda kikang'olewa hadi vitasa vya milango. Mwaka uliofuata ukaja ubaya uliozidi wizi wa vitasa. Watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa Likasi na kuwazika wazazi wao Likasi, waliambiwa warudi kwao. Stanislas alikuwa mmoja wao. Alitolewa nyumbani na mkewe Georgette na watoto wao wawili, Rolly na Joëlle, wakaenda kungoja treni pale gare, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wengine. Treni ilikuja ilipojisikia kuja.

Tumpe Arsène haki yake: hakurusha jiwe. Siku majirani walipotolewa yeye alikuwa uani anaosha jerikani, na jerikani ile iliosheka kuliko zote alizowahi kuosha.

Njaa ndiyo iliyomfanya Arsène amkumbuke Stanislas. Théophile, mwenye baa kubwa karibu na soko, alikuwa amepoteza friji zote katika pillage, na sasa alitaka bia itakayokaa wiki mbili kwenye joto bila kuharibika. Alimwambia Arsène: nionyeshe bia hiyo, uwe brasseur wangu, mpika bia wa baa, na kila mwezi utapata mifuko miwili ya unga. Nyumbani kwa Arsène walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na mkewe Viviane alikuwa amekwisha jifunza kupika bukari, ugali wetu, nyepesi ili ionekane nyingi. Mifuko miwili ilikuwa uhai. Tena hilo neno brasseur lilimwingia mtu wetu kichwani kabla hata halijafika masikioni.

Vitu vya kupikia alikuwa navyo. Parokia ilipokea kutoka Ulaya magunia ya nafaka iitwayo segle, msaada wa watu wema wasiojua bukari ni nini. Ukiisonga inanata kooni kama gundi, kwa hiyo hakuna aliyeitaka, na Arsène alijibebea gunia zima. Houblon, yale majani machungu yanayotiwa kwenye bia, aliipata kwa jirani yake Mayimuna, mfanyabiashara wa soko, aliyenunua mifuko ya wezi wa kiwanda na kuiuza kama dawa ya usingizi. Kilichokosekana ni akili ya kuviunganisha. Arsène akamwambia Viviane asonge bukari, akaifunika, akaenda gare. Mkono mtupu haulambwi.

Stanislas alikuwa ameketi juu ya sanduku, amekonda, ndevu zimemjaa. Aliitazama sufuria kabla ya kumtazama aliyeibeba.

"Chef," Arsène alisema, "minye niko na segle na houblon. Ninaweza fanya bia gani?"

"Mu ile nungu muko nini?" Stanislas aliuliza, macho bado kwenye sufuria.

"Bukari na bitoyo."

Georgette aliipokea sufuria ile ya ugali na samaki wa chumvi. Aliwagawia watoto, lakini kabla hajawagawia, Stanislas alimega kipande cha bukari, akakiyeyusha kwenye maji yenye sukari kidogo, akamimina katika chupa ya lita moja aliyoitoa kifuani, imefungwa kwa kitambaa. Ndani ya chupa kulikuwa na tope la rangi ya maziwa lililokuwa likitoa povu taratibu. Georgette aliangalia pembeni. Kila siku chupa ile ilikula kabla ya Joëlle, na Joëlle alikuwa na miaka mitatu.

"Segle na houblon mingi, ile ni bia ya safari," Stanislas alisema. "Bazungu ba zamani balikuwa banatia houblon mingi juu bia isioze mu bateau ya ku bahari. Uchungu njo frigo yake. Lakini segle usiweke mingi. Mu kumi, weka mbili. Ingine yote mahindi ya kuotesha, na makapi yake, juu mayi ipite."

"Na kisha?"

"Kisha unarudia kesho."

Ndivyo mapishi yalivyotoka, tonge kwa neno. Siku moja Stanislas alitoa joto la maji: utie mkono, uhesabu mpaka tatu, na ukifika nne ni baridi mno. Siku nyingine alitoa muda wa kuchemsha. Alipomaliza kutoa neno la siku alifunga mdomo, na hakuna swali lililoufungua. Arsène si mjinga. Alijua anakamuliwa, na kila sufuria iliyotoka kwake ilimuuma, maana watoto wake mwenyewe waliiona ikipita mlangoni. Alianza kumchukia Stanislas kama mtu anayeibiwa, na kutoka hapo ilikuwa rahisi kwake kuamini kwamba kweli anaibiwa.

Mpiko wa kwanza ulikuwa wa lita ishirini, kwa mahindi aliyokopeshwa na Théophile. Arsène alipokuwa tayari, Stanislas alimmiminia nusu ya tope la chupa kwenye kopo, la kwenda kutia pipani.

"Mwanga hii mu fût ikipoa. Bila hii haiko bia."

Bia ilitoa povu siku ya pili, lakini ikawa nzito, inavutika, kwa sababu Arsène alitia segle nne badala ya mbili. Gunia lilikuwa bure, nani angepima? Akakopa kopo jingine la tope na kupika tena. Mpiko wa pili ulikuwa mchungu mtupu, unauma ulimi na hauna harufu. Alirudi gare na sufuria kubwa zaidi, akapewa kopo la tatu la tope, na Stanislas akauza neno lake la bei ghali.

"Houblon usitie yote mwanzo. Kidogo mwanzo, ile ni uchungu. Ingine unatia wakati unatosha nungu ku moto, ile ni harufu. Ingine tena unatia kisha bia imetulia, mu baridi. Umeosha fût?"

"Iko safi kama sahani ya padre."

"Ile matope ya chini, umeitosha?"

"Yote, chef. Nimesugua na majivu."

"Muzuri," Stanislas alisema. "Osha tu." Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kwanza tangu watolewe nyumbani.

Baada ya kila mpiko, chini ya pipa lilibaki tope zito la rangi ya maziwa, na kila mara Arsène alilimwaga mtaroni nyuma ya nyumba, akasugua pipa hadi likang'aa. Bata wa Mayimuna walilila na kunenepa. Miaka kumi na miwili alifundishwa kwamba kinachobaki chini ni uchafu, naye hakuwa mtu wa kuacha uchafu.

Mpiko wa tatu ulikuwa bia. Rangi ya shaba, povu linalokaa, segle ikikwaruza kooni kidogo kama pilipili iliyopungua ukali, na harufu ya majani iliyojaza chumba. Baada ya wiki mbili kwenye joto Théophile alikunywa bilauri nzima amesimama, akafuta midomo, akaagiza mapipa matatu kwa ajili ya kufungua upya baa yake Jumamosi ya wiki mbili zijazo.

"Brasseur," alimwambia, "usiniaibishe."

Kesho yake Arsène aliona gare kwa mbali tu. Alisikia kwamba kuhara kumeingia chini ya maturubai na kwamba Stanislas analala chini, hasimami. Mtu mwenye shukrani angekimbia kwenda. Arsène alipiga hesabu. Maneno yote alikuwa nayo, ameyaandika kwenye karatasi ya sukari. Ile chupa? Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wanaufanya mama zetu wote na hakuna chupa ya mtu. Unatia mzizi, unangoja, unachachuka. Chupa ilikuwa ujanja wa Stanislas wa kula bukari ya watu. Akamwambia Viviane asisonge tena ya gare.

"Na batoto ba kule?" Viviane aliuliza.

"Beko na baba yabo."

Alipika mapipa matatu. Aliyaosha mara mbili kwanza. Siku ya pili hakuona povu. Siku ya tatu akatia mzizi wa munkoyo, na pipa likatoa mapovu machache ya kinyonge, likanyamaza. Siku ya tano, Jumatano, alifungua kifuniko na harufu ikamrudisha nyuma: siki, na chini ya siki kitu kama nyama iliyosahauliwa. Karibu segle yote ilikuwa humo. Alibakiza kiasi cha kupika pipa moja, na hilo moja lingeweza kumwokoa kama lingetoa povu kesho.

Viviane alisonga bukari ya unga wa mwisho. Waliweka juu yake samaki wa moshi wa ziwa la Tshangalele, wale waliokuwa wametunzwa kwa ajili ya Jumapili. Arsène alienda gare mbio, sufuria ikimchoma mikono.

Georgette alikuwa ameketi juu ya lile sanduku. Rolly alikuwa pembeni yake, Joëlle amelala mapajani. Mahali pa Stanislas palikuwa na mkeka uliokunjwa.

"Mama Rolly," Arsène alisema, "chupa iko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Hakuuliza mkeka umekunjwa kwa nini.

"Papa Arsène, tulimuzika juzi," Georgette alisema. "Kule nyuma ya rail."

"Pole. Pole sana, mama. Na chupa?"

Georgette aliinama, akatoa chupa chini ya sanduku. Ilikuwa na maji safi. Kioo kilikuwa kinang'aa.

"Siku ine hakuna muntu alileta kintu. Siku ya tano nikabapa batoto ile ya mu chupa. Balisema iko na harufu ya mukate." Aliigeuza chupa ili Arsène aone ndani yake. "Kisha nikaiosha muzuri. Sawa vile weye unaosha."

Arsène aliinamia mdomo wa chupa, akanusa.

"Baba yabo alicheka mbele ya kufa," Georgette aliendelea, kwa sauti ileile. "Akaniambia: mara tatu chupa ilikuwa mu nyumba ya Arsène, chini ya fût, mingi kupita yangu, na mara tatu akaimwanga inje. Ile matope njo chachu. Akasema: sikumwambia, juu siku atajua, hatarudia tena huku na bukari."

Rolly alikuwa anaitazama sufuria. Hakuomba; alikuwa amekwisha jua kuomba ni kazi bure. Samaki walinukia hapo kati yao, na watu wa turubai la pili wakageuza vichwa.

Tungependa kusema aliiweka chini. Ilikuwa hatua moja tu, na mikono yake ilikuwa inaungua. Lakini Arsène alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyechezewa na maiti, na akaona kwamba sufuria ile ilikuwa malipo, na bidhaa haipo. Akakaza kifuniko, akageuka, akaondoka nayo. Joëlle aliamka akaanza kulia, na mama yake akamwambia anyamaze.

Nyumbani Viviane alifungua mlango, akaiona sufuria imejaa.

"Bamekatala?"

"Hapana," Arsène alisema. "Balikuwa bameshiba."

Walikula yote, pamoja na samaki. Bata wa Mayimuna walikuwa wanapita mtaroni, wakichokoa tope lililokauka. Alipomaliza, Arsène aliichukua sufuria mwenyewe, akaisugua kwa majivu na mchanga, akaisuuza mara tatu, hata alipoona imetakata akaendelea kusugua.