Sikio la Kinyozi

"Rangi iache kwenye kikapu, Fundi. Tumia maji tu," alisema mwongozaji wa wageni.

Fundi Brashi aliteremka ngazi pole pole, msasa mkononi. Alikuwa ameanza kulainisha ukingo wa bango la kinyozi, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya mvua. Zamani mtaa huu ulikuwa na mabango yake kumi na moja, yote ameyachora ukutani kwa mkono. Yamebaki matatu. Hili lilikuwa na kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri, shingo ya kijani, na neno KINYOZI lililokwisha poteza herufi ya kwanza.

"Mvua ikianza, hiki kichwa hakimalizi mwezi," alisema.

"Ndicho wanachokuja kukiona, baba yangu. Kinavyobanduka. Vipya wanavyo kwao."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ufanye kama unapaka. Nimeshaelewana na mama mwenye nyumba. Amesema ukigusa ukuta wake kwa rangi, hutakanyaga tena hapa."

"Kwa hiyo nipake bila kupaka."

"Umeelewa. Wachoraji wangu wa kwanza walichukua wiki nzima kuelewa."

Hakucheka. Alichota maji kwenye bomba la uani, akarudi ngazini.

Chumba kilicho nyuma ya ukuta huo sasa kilihifadhi kreti za soda. Kwa miaka ishirini na sita kaka yake alikuwa akinyoa humo, na bango lilikuwa kazi ya kwanza ya Fundi. Siku ya kulichora, kaka alikaa kwenye kiti chake mwenyewe kutwa nzima, shingo imenyooka, akilalamika kwamba wateja wanapita. Hakupenda kamera, hata kwenye harusi alijificha nyuma ya watu. Alipofariki, jamaa walitafuta picha ya kuweka juu ya meza wakakosa.

Wageni tisa walifika saa nne. Mmoja alinyoosha kidole kwenye shingo. Mwongozaji alieleza kwa lugha yao, mikono ikipanda na kushuka.

"Umewaambia nini?" aliuliza Fundi.

"Kwamba kijani ni uhai. Ni imani ya wachoraji wa zamani."

"Rangi ya kahawia iliisha. Duka lilikuwa limefungwa."

Mwongozaji akatafsiri jambo refu kuliko alilosema Fundi. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Hakuna aliyeuliza kichwa ni cha nani.

"Haya, Fundi. Wako tayari."

Alichovya brashi. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka kando ya pua, mkono ukienda ulikozoea. Rangi iliyopauka ikanywa maji, na nyuma ya brashi uso ukaanza kukolea: kahawia ya shavu, weusi wa nyusi, mdomo uliobinywa wa mtu anayetaka kusimama akanyoe. Kwa muda mfupi kaka alikuwa kama siku alipomalizwa kuchorwa. Kamera zililia. Fundi akapitisha brashi tena, pole pole zaidi, kisha akaielekeza kwenye sikio.

Brashi iliporudi, sikio lilikuja nayo. Gamba jembamba, limeng'ang'ania nywele za brashi. Ukutani pakabaki chokaa nyeupe.

"Vizuri sana," alisema mwongozaji, ambaye alikuwa akitazama saa. "Sasa tunakwenda kula. Kesho saa hizi hizi, Fundi, kuna kundi la kumi na wanne."

Walikata kona. Sauti zao ziliendelea kusikika kidogo, kisha kijiko kikigonga sahani mahali fulani mbele.

Fundi Brashi aliliondoa gamba kwa ukucha, akalirudisha mahali pake, akalibana kwa kidole gumba. Alipokilegeza kidole, gamba liliinuka upande mmoja. Akalibana tena. Jua lilikuwa likikausha uso kuanzia juu. Paji la uso lilikwisha pauka, na nyusi zikafuata. Alibaki juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika sikio la kaka yake, akisubiri likauke.