Sentensi Moja ya Wakili Krumm

Dada yangu Verna alitaka kitu kimoja tu: kusimama mbele ya majirani zetu wa hapa Nebraska, kwenye mahakama ya kaunti yetu, aseme kwa mdomo wake mwenyewe jinsi dawa ya mahindi ilivyomuunguza koo. Kampuni iliyomuuzia iko papa hapa jimboni. Sheria tuliyoshtakia ni ya jimbo. Ugumu uko wapi hapo, jamani?

Ugumu ni wakili wetu, Delbert Krumm, mtu asiyeweza kuandika bila madoido. Mwishoni mwa madai akachomeka sentensi moja, eti lebo ya dawa ilikiuka pia kanuni za serikali ya shirikisho kule Washington.

"Umeiweka ya nini?" nikamuuliza.

"Inapendeza, Arlene. Inaipa kesi uzito."

Uzito tuliupata! Wakili wa kampuni kuiona tu hiyo Washington, akaibeba kesi nzima hadi mahakama ya shirikisho, mjini Omaha. Tukaenda na sandwichi zetu. Jaji wa huko, mtu mpole, alishinda asubuhi nzima akijiuliza kama suala la lebo ni la lazima kwenye kesi, kama linabishaniwa kweli, kama ni zito kwa taifa zima, na kama akilipokea hatawapokonya majaji wa jimbo kazi yao. Koo la Verna hakulitaja mtu. Mwishowe akasema jambo hili ni la jimbo, rudini kwenu.

Njiani Verna akacheka, sauti imeshaanza kukwaruza. "Wee Delbert, ukiandika tena Washington nakuchapa na mkoba."

Delbert akaapa. Halafu akakaa kurekebisha madai, mkono ukamuwasha, akaweka sentensi ya Washington ndefu kuliko ile ya kwanza. Omaha tena! Miezi ikapita. Daktari akatuambia sauti ya Verna inapotea, Delbert akashauri ushahidi urekodiwe mapema. Verna akakataa katakata.

"Mimi si redio. Nataka wanitazame."

Jaji yuleyule, maswali yaleyale, rudini kwenu.

Siku yetu ikafika. Majirani kumi na wawili wameketi, tayari kusikiliza na kuamua. Jaji wa kaunti akasema taratibu, "Haya, Mama Kessler, tueleze yaliyokupata."

Verna akafungua mdomo. Ikatoka hewa tu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikainuka.

"Nitasema mimi!"

"Napinga!" wakili wa kampuni akaruka.

"Kaa chini, mama," jaji akaniambia. "Kesi hii si yako."

Nikakaa, machozi yananitoka. Alaa! Kumbe muda wote huo majaji walijua kesi ni ya nani.