Mgombea wa Dini Mbili

Dada yangu ni msusi, na kampeni zake za udiwani alizifanyia palepale saluni, vidole vikiwa kichwani mwa mteja. Wote walimwahidi kura. Nani abishane na mtu aliyemsuka nusu, nusu nyingine imesimama kama ufagio?

"Dada, ahadi za watu walioshikwa nywele usizitegemee," nilimwambia.

"Kelele. Lete rasta."

Sera yake ilikuwa moja tu: mtaro. Huo unaopita nyuma ya nyumba zetu, ambao mvua ikinyesha unatuletea uchafu wa mtaa wa juu mpaka uvunguni mwa kitanda. Diwani aliyekuwepo tulimwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mtaro wenyewe hajawahi hata kuuchungulia.

Balaa ni kwamba dada alipoolewa alihamia dini ya mumewe. Dini zenyewe sizitaji. Nikizitaja tu, na nyinyi mtachagua upande. Itoshe kusema kwamba karibu mtaa wote ni wa dini tuliyozaliwa nayo, na Kesho naye ni wa kwetu, ingawa kwenye ibada huibuka msimu wa uchaguzi tu, kama kumbikumbi.

Kura za kina mama alikuwa nazo mama mkubwa, aliyetulea sisi na ndiye kiongozi wao kwenye nyumba ya ibada. Dada alimfuata jikoni, mimi nyuma.

"Mama, waambie wenzako neno moja tu."

Mama mkubwa hakuacha kuchambua maharage. "Niwaambie nini? Kwamba nawaletea mtu aliyeona Mungu wetu hamtoshi?"

"Kwani maji yakiingia ndani yanauliza nani anasali wapi?"

"Maji hayaulizi. Mimi nauliza. Umetuacha sisi tuliokulea, utashindwa kuuacha mtaro?"

Nikadakia, "Na Kesho je, mama? Yule hajaacha dini kwa sababu hajaianza."

"Nyamaza wewe! Kesho ni mwenye dhambi wetu."

Kisha akalegeza sauti. "Mwanangu, siku ya ibada njoo ukae na mimi mbele. Wakuone. Nitawaambia."

Dada akanitazama. Mimi nikayatazama maharage.

Alikwenda. Alikaa mbele, akainamisha kichwa walipoinamisha wenzake. Kuna mtu akapiga picha, na kabla dada hajafika nyumbani picha ilishamtangulia, simu kwa simu.

"Nilioa mke au nilioa mgombea?" shemeji alimuuliza mlangoni.

Waumini wenzake wachache, ambao ndio walikuwa kura zake za uhakika, wakasema ameuza imani kwa cheo. Wa kwetu nao wakaulizana, huyu karudi kwa Mungu au kafuata kura? Mama mkubwa alitimiza ahadi, kweli aliwaambia kina mama wenzake. Wakacheka. Naye akacheka nao.

Kesho alishinda bila kutoka jasho. Matokeo yalibandikwa ukutani mwa shule. Dada aliyasoma, akayasoma tena, halafu akaenda kufungua saluni.

Siku ya ibada ya dini yao ilipofika, shemeji alitoka bila kumwita. Ilipofika ya kwetu, mama mkubwa na wenzake walipita nje wakipiga soga, hawakubisha hodi. Nilimkuta dada ameketi kitandani, amevaa nguo za kutokea, hana pa kwenda.

"Wewe kura ulimpigia nani?" akaniuliza.

"Swali gani hilo? Wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni dada yangu, jamani!"

Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe na wewe ni walewale."

Nikafungua mdomo nimtajie mtaro.

"Usijisumbue," akaniwahi, akavua hereni, akajilaza na nguo zake hivyohivyo, uso ukutani.