Jina la Thoya

Mwalimu Karemera alifika Changamwe mwaka wa sitini na moja, akiwa na suti moja na Kiswahili cha Ngara, mpakani mwa Tanganyika na Rwanda, ambacho watu wa pwani walikisikiliza huku wakizuia kicheko. Kwao Rwanda nyumba yake ilikuwa imechomwa moto. Alibisha hodi katika shule tatu, na zote zilitaka vyeti. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba.

Aliyempa pa kulala alikuwa Thoya, Mgiriama aliyefanya kazi ya kupakua meli bandarini Kipevu. Kila alfajiri walifuatana hadi langoni. Thoya, aliyevaa kipande cha bati chenye nambari, aliitwa akaingia. Karemera alibaki nje pamoja na wasio na nambari, mpaka jua likawa kali.

Kisha homa ikamwangusha Thoya. Siku ya pili mkewe, Sidi, alimletea Karemera kile kipande.

"Asiyefika siku tatu, nambari yake hupewa mwingine," alisema. "Nenda wewe. Ukisikia Thoya, itika."

Alikwenda. Jina lilipoitwa alikawia, hadi mtu wa nyuma akamsukuma kwa kiwiko. Kutwa nzima alibeba magunia, na mikono iliyozoea chaki ikatoka malengelenge. Jioni Sidi alimpaka mafuta ya nazi.

Siku ya kumi na mbili Thoya aliamka mzima, akaomba uji. Karemera alijikuta anasikitika kwamba mwenzake amepona, akaona haya hata akashindwa kumtazama. Alikiweka kipande juu ya mkeka.

"Kivae wewe," alisema. "Mimi nitatafuta kwingine."

"Kwingine wapi?" Thoya alijifunga msuli. "Twende sote."

Serangi, msimamizi wa vibarua pale langoni, alikuwa Nicanor, mtu wa bara asiyependa maneno mengi. Thoya alimwendea moja kwa moja.

"Huyu alikuwa akifanya kazi kwa jina langu, bwana. Kosa ni langu."

"La, ni langu," Karemera akasema. Alikuwa tayari kuitiwa polisi, hata kurudishwa mpakani.

Nicanor aliwatazama kwa zamu. "Thoya namjua mwaka wa sita huu. Ni mfupi, tena haishi kuimba. Mlidhani mimi kipofu?"

Nicanor alifungua daftari lake.

"Nambari sina. Lakini genge la saruji lina pengo, watu wanalikimbia kwa vumbi. Ni kibarua cha siku kwa siku. Pasipo meli, hapana kazi. Wataka?"

"Nataka."

"Jina lako hasa nani?"

"Karemera."

Nicanor alilamba ncha ya penseli, akaandika. Karemera alichungulia daftari. Alijua hapo si mahali pa kusahihisha watu, lakini ualimu ulimshinda.

"Samahani, bwana. Ni *re*, si *le*."

Serangi alifuta, akaandika upya taratibu, kisha akalisoma kwa sauti. Karemera aliitika, akaingia.